Kigingi cha Mtu Hakiguswi

Enzi zetu, ukikuta kigingi cha mwenzio kimepigwa ardhini, hukigusi. Hata kama ng'ombe aliyefungwa hapo ni wa mtu mliyenuniana naye, utazunguka ukatafute pako. Ndivyo tulivyolelewa Vitongoji, kwenye ule mwinuko wa mchanga ulio kati ya bahari na mashamba. Chini ni mchanga tu, na udongo wa juu haujai kiganja. Muhogo haushiki pale, wala mgomba. Yalimea majani ya aina moja tu, makavu, magumu, yenye mizizi iliyofumana kama jamvi na ladha ya chumvi. Ladha naijua kwa kuwa niliyatafuna. Baadaye chuo kikuu nikafundishwa kwamba ni ndugu wa majani ya jangwani. Shahada ninayo, haijapata kushibisha hata mbuzi.

Kila alfajiri baba alituamsha, mimi na dada yangu Saumu, tukahamishe ng'ombe. "Leo hapa, kesho kule," akisema. "Mkimwacha pahala pamoja atakula mpaka mzizi, na bahari itawafuata chumbani." Tukishahamisha, tulikalia karara la mnazi na kuteleza kutoka juu mpaka ufukweni, pale penye mchanga mtupu, maana kuteleza juu ya majani kulikuwa na bakora yake. Watoto wa leo wanatelezesha kidole kwenye simu. Hawapati hata mkwaruzo.

Juzi Saumu, ambaye bado anafuga, alinipigia simu akilia. Nikatoka kwangu Madungu, mjini, kwa bodaboda. Mwinuko umebaki kipande kimoja. Kwengine kote malori yamezoa mchanga wa kujengea yakaacha mashimo, na maji ya chumvi yameshaingia kwenye muhogo wake. Asubuhi hiyo vijana wa lori walikuwa wameng'oa kigingi chake ili wapite.

"Shikamoo, ami," mmoja akaniamkia, koleo mkononi. Adabu anayo! "Kigingi tu hicho. Ng'ombe tumenfunga kule, nzima."

"Kule shimoni?"

"Majani si majani, ami? Yataota tena."

"Yataota juu ya nini, na mchanga mmeupakia?"

"Kwani weye una ng'ombe?" akadakia dereva. "Kama huna, kigingi chakuhusu nini?"

Wakacheka. Nilikuwa na hotuba nzima ya chuo kikuu kifuani; nikaenda kukiokota kigingi. Saumu akaniokotea jiwe. Nikapiga magoti, kitambi na suruali ya ofisini, nikakipiga kigingi katikati ya njia ya lori. Nikajiponda na kidole. Dereva akapiga honi, akatukana, mwisho akarudi nyuma.

Kesho yake Saumu akanipigia tena: kimeng'olewa.

Basi nimekaa barazani nachonga vigingi, na mke wangu ananiuliza ng'ombe wako wapi. Zamani baba alipiga kigingi ng'ombe asiondoke. Mimi napiga ili Vitongoji isiondoke.