Alama Yetu Kwenye Mizinga ya Mgori

Kitabu kilikuwa chini kabisa ya kasha la dawa, kimebanwa kati ya daftari za wagonjwa na shati kuukuu la baba. Jalada lilikuwa limeliwa na mchwa na kurasa za mwisho hazikuwepo. Nilipokifungua, harufu ya spiriti ilinipanda puani, nikaketi palepale sakafuni. Nilikuwa nimerudi Mgori, likizo yangu ya mwisho ya chuo, kumsaidia mama kufungasha. Baba amestaafu, na nyumba ya serikali inamsubiri mwingine.

Nikueleze kitabu chenyewe. Ni hadithi ya Kiingereza ya watoto wawili wanaotafuta hazina. Mmoja anaishi katika jumba kubwa, mwingine ni mtoto wa mtunza farasi wa jumba hilo. Wanakula kiapo, wanapotea pangoni, wanaipata hazina, na mwishoni bwana mwenye jumba anamshika mkono yule maskini mbele ya watu wote. Chuoni nimewasikia watu wenye akili wakizisifu hadithi za namna hii, kwamba zinamfundisha mtoto kuwa urafiki haujali nani anacho na nani hana. Walimu wangu watakuambia kwamba hakuna jambo nisilolihoji. Kwa hilo tu hunyamaza, kwa sababu nililijaribu.

Baba alikuwa mhudumu wa zahanati. Hakuwa daktari, lakini kijiji kizima kilimwita daktari, na sisi hatukuwasahihisha watu. Nyumba yetu peke yake ndiyo iliyoezekwa bati. Wengine walikaa kwenye tembe zao za udongo, wakati wa kiangazi wakianika karanga na maboga juu ya paa, na mimi niliwaonea wivu kwa hilo, maana bati letu halikufaa kuanikia kitu. Asubuhi tulikunywa chai ya sukari. Kila ilipofika saa tatu nilisikia mchi uani: du, du, du. Huyo alikuwa mama yake rafiki yangu, anatwanga uwele wetu, na rafiki yangu kando yake anapepeta, pumba zimemganda kwenye nyusi kama bibi kizee.

Baba yake alikuwa mrina asali. Walikuwa watu wa kuja, na wazee walikuwa wamempa pembe moja ya msitu atundike mizinga yake. Baba huyo akirudi kurina, rafiki yangu aliniletea kipande cha sega kwenye jani, bado kina moto wa jua. Mimi nilimpa biskuti, moja, na niliihesabu kuwa ni ukarimu mkubwa.

Tulikuwa na umri wa miaka kumi hivi nilipoanza kumsimulia kile kitabu. Nilisoma kwa Kiingereza kibovu, nikamfasiria nusu Kiswahili, nusu Kinyaturu. Alinisumbua kwa maswali.

"Huyo wa farasi, chakula anakula wapi?"

"Kitabu hakisemi."

"Na wakichelewa kurudi, nani anachapwa?"

"Wee, sikiliza hadithi!"

Leo watu wakinisifu kwa kupenda kuhoji, namkumbuka yeye. Mimi nilikuwa nameza kila ukurasa.

Tukaunda chama chetu cha siri. Mimi nikawa mkubwa wa chama, bila kupigiwa kura. "Sawa," alisema akicheka, "wewe uwe na mipango, mimi niwe na miguu." Alama yetu ilikuwa duara lenye msalaba ndani. Tuliapa kutosalitiana, kama wale wa kitabuni. Kisha nikaiba kisu kidogo cha baba pale zahanati, tukaanza kukata alama kwenye miti ili kutengeneza njia ya kwenda kwenye hazina. Njia ilianzia kwenye mti uliokuwa mbele ya mlango wao. Unaweza kuuliza kwa nini haikuanzia kwetu. Nilijua kwamba nikigusa mti wa uani kwetu mama angenichapa.

Ndani ya msitu, chini ya mti mkubwa, tulikuta mizinga mitano mipya ya magogo, imelazwa chini ikisubiri kutundikwa. Kila mmoja ulikuwa na mikato mitatu ubavuni. Mimi nikaruka kwa furaha. Kitabuni hazina ilikuwa na mikato kama ile.

"Hiyo ni alama ya mwenyewe," rafiki yangu akasema. "Ya yule mzee jirani yenu. Usikate hapo."

"Ni mchezo tu."

"Mizinga haichezewi. Ukiweka alama yako umesema ni wako."

"Unaogopa? Basi wewe si rafiki wa kweli."

Akachuchumaa, akaushika mzinga kwa mikono miwili usiyumbe, nami nikakata. Yote mitano. Bado nasikia ule mlio wa kisu kwenye mti mkavu.

Kama hujakulia kwetu, huenda hujui uzito wake. Mzinga hukaa porini miaka na miaka bila mlinzi, na hakuna anayeugusa, kwa kuwa una alama ya mtu. Anayechezea alama anavuruga msitu mzima. Siku chache baadaye yule mzee aliikuta mizinga yake. Akafuata duara na msalaba, mti kwa mti, mpaka kwenye mlango wa mrina asali.

Baraza lilikaa kwa jumbe. Baba yangu aliletewa kiti, mimi nikasimama kando yake. Mrina asali alikuwa amesimama juani, kofia mkononi, anarudia maneno yaleyale: "Wazee wangu, mimi sikufanya." Ndipo binti yake akajitokeza mbele ya wanaume wote wale.

"Shikamooni. Ni mimi. Baba hajui kitu."

"Peke yako?" jumbe akauliza.

Yule mzee mwenye mizinga akanigeukia. "Na wewe, mtoto wa daktari? Si mnashinda pamoja nyie?"

Rafiki yangu alinitazama. Hakunikazia macho. Alinitazama kama mtu anayesubiri mwenzake amalizie sentensi.

"Siku hiyo nilikuwa nyumbani, nasoma," nikasema.

Akageuka kwa jumbe. "Nilikuwa peke yangu."

Baadhi ya wazee wakacheka. Mtoto wa kike, msituni, peke yake, na kisu? Mmoja akasema, "Huyu katumwa na babake." Mrina asali akaambiwa ashushe mizinga yake yote kabla ya mvua na asionekane tena msituni Mgori. Msitu ndio uliokuwa shamba lake. Walihama wiki ileile kuelekea Ihanja, kwa ndugu wa mama. Sikwenda kuwaaga.

Jioni ya siku ya baraza baba alikitoa kile kisu kwenye sahani ya vyombo vya zahanati, nilikokuwa nimekirudisha, akakitazama karibu na dirisha. Utomvu ulikuwa umeganda kwenye makali. Akakipangusa kwa spiriti, taratibu, mpaka kikang'aa, akakirudisha mahali pake. Kisha tukaitwa kula ugali na mlenda. "Kula," aliniambia.

Baada ya kukiona kitabu nilikwenda kwa yule mzee. Macho yamemwishia. Nilimpa shikamoo, nikaketi, nikamwambia yote bila kuzunguka.

"Najua," alisema.

"Toka lini, babu?"

"Toka siku ile. Mkato ule ulikuwa wa kisu kikali sana, mjukuu wangu. Visu vyetu vilikuwa na kutu. Kisu kama kile kilikuwa kimoja tu Mgori nzima."

"Sasa mbona hukusema?"

Alitabasamu kidogo, kwa kunihurumia nadhani. "Wajukuu zangu wawili walikuwa wanachomwa sindano kwenu. Ningemshitaki nani?"

Siku hiyohiyo nilitembea mpaka msituni. Mizinga imepungua, njia zimeota majani, warina asali siku hizi ni mmoja mmoja. Ile mitano haipo. Lakini kwenye mti mmoja hai nililikuta duara letu. Gome limekua na kulivuta, limekuwa pana kuliko sahani, na msalaba umepasuka katikati.

Basi la kutupeleka kwenye gari moshi husimama Ihanja, alikohamia rafiki yangu. Wanawake hulizunguka wakiuza karanga na asali kwenye chupa, wanagonga vioo, wanaita abiria. Kila likizo, kwenda na kurudi, huwa nawatazama nyuso zao mmoja mmoja mpaka dereva apige honi. Wiki ijayo nitapita tena, na kitabu kimo ndani ya mfuko wangu. Sijawahi kushuka.