Kibaraza cha Darasa la Nne

Ziwa lilipopanda likaingia mpaka jikoni kwetu Kamunyonge, serikali ilitupatia darasa la kujihifadhi. Nashukuru, na sisemi kwa kejeli. Unga ulikuja, maharage yakaja, blanketi zikaja. Shule ilikuwa imefungwa kwa likizo, nasi tukagawana vyumba, kila familia na kona yake. Mume wangu alikuwa kambini visiwani, kwenye dagaa, kwa hiyo nilikwenda mimi, watoto na baba mkwe.

Ila baba mkwe hakuingia ndani. Kwao, na hata kwetu Butiama nilikozaliwa, mzee halali chini ya paa moja na mke wa mwanawe. Nyumbani alikuwa na kibanda chake uani, na maji yalikibomoa hicho kwanza. Basi akatandika mkeka kibarazani, nje ya mlango wa darasa la nne, mvua ikimrukia miguuni.

Nilikwenda kwa mtendaji wa mtaa, kijana mpole, mgeni mkoani kwetu.

"Mama, nyie si familia moja?"

"Ni moja."

"Basi kona moja inatosha. Mwambie mzee aingie, hii ni dharura."

"Mwambie wewe," nikamjibu, maana nilishachemka. "Mimi nitamwambiaje baba mkwe aje alale ninapolala?"

Alicheka, kisha akaona mimi sicheki. Akaahidi kuagiza turubai la kuziba kibaraza.

Wazee wenzake baba mkwe walimsifu: huyo ndiye mtu mwenye heshima zake. Mimi nilikuwa ndani, nimejifunika blanketi kavu, nasikia kikohozi chake mlangoni, na heshima ile iliniudhi mpaka nikalia. Asubuhi nilimwekea uji kwenye dawati la karibu na mlango, nikageuka, naye akauchukua. Ndivyo tulivyoishi miaka yote, bila kushikana mikono na bila kugombana, na nilimpenda kuliko alivyojua.

Turubai halikuja. Kikohozi kikawa nimonia, tukampeleka hospitali mjini. Mume wangu bado alikuwa visiwani, wifi yangu alikuwa njiani kutoka Bunda, na wa kumnywesha dawa hakuwepo ila mimi. Nikasimama mlangoni mwa wodi nimeshika kikombe kama mjinga.

"Ingia, mwanangu," akasema. "Hapa si kwa mtu. Hapa ni kwa serikali."

Nikamwinua kichwa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumgusa, na alikuwa mwepesi mno. Ningenyamaza tu, lakini mdomo wangu haujawahi kunisikiliza.

"Na lile darasa, baba, lilikuwaga la nani?"

Akakishika kikombe kwa mkono wake.

"Pale watu walikuwaga wanatuona," akasema, akanywa.

Hakurudi kutoka wodini. Tulimzika Nyegina kwa mdogo wake, kwa sababu uwanja wetu ulikuwa bado majini, na hilo nalo linaniuma, mzee wa watu kulala ugenini. Mtendaji alikuja msibani mwenyewe, macho mekundu, amebeba turubai la buluu, jipya, bado na mikunjo yake. Vijana wakalifunga kwenye nguzo, tukakaa chini yake. Mvua ilinyesha mchana kutwa, na halikuvuja hata tone.