Mkole Kando ya Benchi

Nilipopewa kazi ya kuchagua mimea ya bustani ya wazi pale Dunda, nilijiwekea sharti moja: kila kitakachopandwa kiwe cha hapa hapa pwani. Kamati ya bustani ilicheka. Mzee mmoja akauliza kama mwarobaini nao utakataliwa. Nikamwambia mwarobaini ulikuja kutoka Bara Hindi. Alinitazama kama nimemtukana shemeji yake.

Mimi nina ugonjwa wa kudadisi. Wiki zile nilikuwa nikipita vichakani njia ya kwenda Chalinze, nasimamisha gari kila nionapo jani nisilolijua, nanusa, natafuna, natema. Mkilua ulipita bila mjadala, kwa sababu hakuna mwanamke wa pwani atakayeikataa harufu ya kilua. Mkwaju ukapita. Mfuru nao ukapita, ingawa kuna aliyelalamika kwamba watoto watakuja na mawe kuangua furu. Nikasema waje, bustani ni yao.

Kisha nikataja mkole. Nilikuwa nimeupenda sana: mti mfupi, hauli nafasi, maua ya njano, matunda madogo ambayo ndege huyagombea. Niliuchorea mahali pazuri kuliko pote, kando ya benchi la kwanza mtu akiingia. Wanaume wakaitikia kwa vichwa. Wanawake watatu waliokuwemo kwenye kamati wakatazamana, kisha mmoja akaanza kucheka chini chini ndani ya mtandio.

"Mkole? Pale langoni, kila mtu auone?"

"Kuna ubaya gani?" niliuliza.

"Kwani wewe, mwanangu, hukuchezwa ngoma?"

Nikasema nilikuwa shule ya bweni. Baba yangu, mwalimu aliyetoka bara, alinipeleka huko kabla sijavunja ungo, na nilipomaliza hakuna aliyezungumzia habari za kuniweka ndani. Yule mama akanigusa goti kwa huruma, mimi mwenye watoto wawili na mvi za kwanza.

"Basi kamuulize mama yako. Sisi hapa hatuwezi kukwambia."

Kwamba mwali hutolewa chini ya mkole, hilo nalijua kama kila mtu wa huku. Anachoambiwa pale ndicho nisichokijua. Iliniuma. Miti yote ya kata ile nilikuwa nayo kichwani, nauelewa udongo inaoutaka na mwezi inaochanua, na kwa huu mmoja nilikuwa mgeni kabisa.

Jumamosi kaka yangu akanipeleka Fukayosi kwa mama. Tulimkuta jikoni amekalia mbuzi, anakuna nazi. Tukamwamkia, kaka akachukua chai yake akaenda kukaa barazani. Nami nikamweleza mama yote: bustani, benchi, wale kina mama na vicheko vyao. Nikamuuliza kama mkole haufai langoni, basi ukae upande gani.

"Usiupande," alisema. "Mkole huendewa. Haukai njiani kuegemewa na kila anayesubiri bodaboda."

Nikakubali. Mahali pale nikapanga kuweka mtopetope wa porini, na kwa upande wa bustani kazi ilikuwa imekwisha. Lakini roho haikutulia.

"Sawa, mama. Ila huko chini ya mkole mwali huambiwa nini?"

Mkono wake ukasimama.

"Baba yako alipokupeleka shule nilikubali, maana na mimi nilitaka usome. Nikajiambia, akirudi ataniuliza. Ukarudi, ukaolewa, ukazaa, hukuuliza. Leo ndiyo umeuliza, na umeuliza kwa ajili ya bustani ya watu."

Niliona aibu, na juu ya aibu nikaona wivu, wivu mtupu wa wasichana wa rika langu waliotolewa nje wamebebwa mabegani, mama zao wakipiga vigelegele. Mama yangu hakupata siku yake ya kunipigia.

"Na nikiuliza kwa ajili yangu mwenyewe?"

Mama akaweka kizio cha nazi chini, akajifuta mikono kwenye kanga, akamwita kaka yangu kutoka barazani. Akamwambia aende dukani akanunue chumvi, na asiharakishe kurudi.

Chumvi ilikuwepo, kopo zima, pale pale mbele yetu.