Mshenga Alipokwenda Kutafuta Ugoro

Kwa mila yetu, kijana anayeposa hakai karibu na posa yake. Mshenga huenda peke yake, husema, husikiliza, kisha hurudi na jibu. Nililijua hilo vizuri. Lakini mshenga wangu alikuwa baba yangu mdogo, mtu anayeanza habari katikati na kusahau mwisho wake, na mimi niliogopa atanieleza vibaya. Nikajitolea kumpeleka Mlalo kwa pikipiki. Nilimwambia nitamshusha mbali na nyumba ya wakwe. Ukweli ni kwamba nilitaka kumfanyisha mazoezi njiani.

Tangu Korogwe nilikuwa nikimpigia kelele juu ya bega: "Usiseme nahangaika na redio za watu. Sema nina banda langu la ufundi." Alijibu "ndiyo" katika kila kona ya kupandia Soni. Tulipofika Lushoto akasema mgongo umemkaza, tupumzike siku moja. Nilifurahi. Nilikuwa na mengi ya kuweka sawa.

Asubuhi nilipeleka suruali yangu ya mtumba kwa fundi cherehani aipunguze, kisha nikaenda kununua plagi ya pikipiki. Wakubwa husema zamani plagi ilikuwa haipatikani, na ukiipata huulizi imetoka wapi. Sasa biashara imeachiwa huru, na duka la karibu na stendi lilikuwa na plagi za aina tatu, kila moja imeandikwa kwamba ndiyo halisi. Nilizigeuza moja moja mpaka mwenye duka akachoka.

"Kaka, chukua yoyote. Zote zimetoka katoni moja."

Nilichukua moja, nikatoka nikiamini nimeacha iliyo bora.

Niliporudi kwenye nyumba ya wageni niliona kitu kingine: gurudumu la nyuma lilikuwa linayumba kidogo. Kidogo sana. Baba mdogo aliinama, akatazama, akasema haoni. Lakini mimi nilishaona, na niliwaza wakwe nao wataona. Ufundi nimejifunza mwenyewe, kwa kufungua vitu na kuogopa kuvifunga. Nikalitoa gurudumu, nikaanza kulegeza spoki.

"Utamaliza lini?" aliuliza.

"Likiwa sawa."

"Basi mimi nakwenda sokoni kutafuta ugoro."

Ukikaza spoki upande huu, rimu inavutwa huku. Ukiifuata, inakimbilia kule. Mpaka adhuhuri gurudumu lilikuwa na umbo la yai, nami nilikuwa nimelowa jasho katika baridi ya Lushoto. Mama mwenye nyumba ya wageni alipita na beseni la maharage. Nilimwamkia shikamoo bila kuinua kichwa.

"Marahaba. Asubuhi hilo lilikuwa linazunguka, mwanangu. Sasa linacheza ngoma."

"Nalinyoosha, mama."

"Naona. Na mzee wako mbona amepanda pikapu ya Mlalo?"

Nilimwambia amekosea, mzee yuko sokoni. Akasema labda, ila yule aliyepanda alikuwa amevaa kanzu na kofia. Nilikimbia chumbani. Msumari wa kutundikia kanzu ulikuwa mtupu.

Mchana ule sikuweza kula. Nisingeweza kumfuata, pikipiki ilikuwa na gurudumu moja. Nilikaa na spana mkononi, nikimsikia kichwani akiwaambia wakwe kwamba nahangaika na redio za watu.

Alirudi jioni na kiroba cha mapeasi.

"Shikamoo baba. Wamesemaje?"

"Marahaba. Ngoja ninawe."

"Baba, wamesemaje?"

"Wamekubali." Alisema kama mtu anayetaja bei ya chumvi. "Na usinikasirikie. Anayeposa haendi, hata wewe unajua. Nilikuwa nangoja ufungue hiyo pikipiki tu."

"Uliwaambia nina banda?"

"Hawakuuliza."

"Waliuliza nini?"

"Wewe ni mjukuu wa nani. Nikawaambia. Kumbe mzee wao alimfahamu babu yako, wakasikitika kwamba hayupo tena. Basi, tukanywa chai."

Nilisubiri. Hapakuwa na zaidi. Nilikuwa nimejiandaa kukaguliwa kuanzia plagi mpaka pindo la suruali, na nimepita kwa sababu ya mtu aliyekufa. Nakiri niliona kama nimedhulumiwa.

Nikauliza kuhusu binti mwenyewe. Tulifahamiana aliponiletea redio ya shangazi yake wa pale Korogwe, nami nikakataa kuitoa wiki baada ya wiki kwa sababu ya mkwaruzo niliousikia mimi peke yangu. Kila alipoifuata, nilimpa kiti.

"Aliitwa. Akaulizwa kama anakujua na kama anaridhia. Akasema anakujua, anaridhia. Halafu akacheka."

"Alicheka vipi?"

"Alicheka, mwanangu."

"Kwa haya, au kwa kukumbuka kitu?"

Baba mdogo alichagua peasi, akalifuta kwenye kanzu, akanipa.

"Kula," alisema. "Huyo utamuuliza mwenyewe."