Bi Pumua, Mama Anayewaazima Wanafunzi Moyo Wake

Saa tatu asubuhi. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili amejilaza kwenye kitanda kilichoinuliwa upande wa kichwa, shuka ikimfika kifuani. Kijana mwenye koti jeupe anamwinamia na kumshika shingo kwa mikono miwili.

"Mkono mmoja, mwanangu," anamwambia bila kufumbua macho. "Ukiibana mishipa yote miwili kwa pamoja utanizimisha, halafu mtihani wako utaufanyia kwa nani?"

Chumba kizima kinaangua kicheko. Kijana anaondoa mkono mmoja, anaanza upya.

Wanafunzi wa udaktari humwita Bi Pumua, kwa kuwa kutwa nzima anaambiwa, "Mama, pumua… shikilia… achia." Kazi yake ni kusikilizwa moyo na kupapaswa shingo, ili wao wajifunze kabla ya kukabidhiwa wagonjwa.

Kazi hii hakuiomba. Alikuwa mpiga deki wa chuo hichohicho. Miaka sita iliyopita, mgonjwa wa mazoezi hakutokea, na daktari anayefundisha akamwomba aweke ndoo pembeni, alale kidogo. Mwanafunzi wa kwanza alisikiliza, akakunja uso. Wa pili akaomba kurudia. Daktari mwenyewe akasikiliza, akavuta kiti akaketi kando yake.

"Alinieleza vizuri," anakumbuka. "Moyo una milango, inaitwa vali. Ikifunga inatoa mlio: du, da. Wangu, katikati ya du na da, ulikuwa na shhh. Huo wanauita mvumo. Mlango mmoja ulikuwa haufungi sawasawa, damu inarudi nyuma. Nikamuuliza, 'Nitakufa?' Akasema, 'Siyo leo. Lakini tutakuwa tunauchungulia.'"

Tangu hapo mvumo ukawa ajira. Asubuhi mbili za kulala zilimlipa kuliko wiki nzima ya deki. Mumewe, fundi viatu, alimtania kuwa ameoa mtu anayelipwa kwa usingizi.

Mwaka jana utani uliisha. Ngazi za chuo zilianza kumkata pumzi, miguu ikavimba, na mumewe akampanulia viatu. Alijifariji kwamba ni umri tu. Hadi asubuhi moja msichana wa mwaka wa tatu, aliyekuwa akimkagua shingo, akaacha kuandika.

"Mama, ateri naisikia kidoleni, iko sawa. Lakini huu mshipa mwingine, vena, siku zote naukuta hapa chini, juu kidogo ya mfupa wa mtulinga. Leo umejaa mpaka karibu na sikio."

"Si umeuona? Chukua alama zako."

"Sitaki alama, Mama. Nataka daktari akuone sasa hivi."

Vena ya shingo ikijaa hivyo, huenda damu imekwama foleni mlangoni mwa moyo uliochoka. Alilazwa siku hiyohiyo, na baada ya matibabu, vali ikashonwa. Mumewe alikaa nje ya chumba cha upasuaji, vile viatu alivyovipanua vikiwa mapajani.

Moyo ulipona. Daktari aliposikiliza, alisikia du, da, basi.

"Nilifurahi, lakini roho ikaniruka," anasema Bi Pumua, akicheka mpaka kitanda kinatikisika. "Nani atanilipa kwa moyo usio na habari?"

Alikwenda chuoni kuomba arudishiwe deki yake. Daktari akamkatalia.

"Hawa wanafunzi wanajua kutafuta ubaya tu," akamwambia. "Wataujuaje uzima kama hawajausikia?"

Ndiyo maana leo yuko hapa, kovu likiwa limenyooka katikati ya kifua, wanafunzi wakipanga mstari.

Mwezi ujao anaongeza kazi nyingine. Pamoja na yule msichana, ambaye sasa yuko mwaka wa nne, atakaa na wagonjwa wa moyo kwenye ukumbi wa kliniki wakisubiri zamu zao. Daktari ameshakubali, na viti vimepatikana.

"Watu wanapewa maneno makubwa, wanarudi nayo nyumbani kama mzigo wa mawe," anasema. "Mimi nitawaambia: huu ni mlango, huu ni mvumo, huu ni mshipa uliojaa. Mtu akishaelewa kinachomsumbua, ataanza kuuliza kinatibiwaje. Na mimi nataka niwepo pale akiuliza."