Miti ya Vipepeo ya Pélagie

Pélagie Nabintu alikuwa mwanamke wa kukata. Alikata nywele za watoto wa jirani, alikata vitenge vya harusi bila kuchora chaki, alikata nyama ya mbuzi ikatosha watu arobaini na hakuna aliyenung'unika. Kule Kista, mtaa wa Stockholm, Sweden, alikokuwa akiwahudumia wazee majumbani mwao, wapo waliokataa mtu mwingine yeyote asiwakate kucha ila yeye. Kwa hiyo mwezi wa kumi mwaka 2009, miti yake mitatu ya vipepeo ilipomaliza kuchanua, aliishukia na mkasi mkubwa, akaikata yote hadi magotini, akaupangusa mkasi kwa kitambaa chenye mafuta, kisha akapanda nyumbani kupika.

Hapo ndipo alipokosea.

Miti yenyewe aliipanda mwaka 2004 kwenye ukuta wa kusini wa jengo lao pale Husby, jirani na Kista, mahali penye jua kuanzia asubuhi hadi jioni. Wapangaji wa jengo hilo walikuwa wakiutunza uwanja wao wenyewe, kila mtu na kipande chake, na ukuta wa kusini ulikuwa wa Pélagie. Kila mwezi wa nane miti ilitoa mashada marefu ya zambarau yenye harufu ya asali, na vipepeo wakaja kwa makumi, wakatua na kufungua mabawa kama watu wanaoanika nguo. Mtu akipotea njia ya kwenda kwao, watoto walimwelekeza: pinda kulia kwenye vipepeo. Nchi hii ilimjua Pélagie kwa nambari nyingi, lakini uwanja ulimjua kwa miti ile, na alipenda kujulikana hivyo.

Alizaliwa kisiwani Idjwi, katika Ziwa Kivu, baba yake mkulima wa kahawa. Baada ya mavuno baba aliikata mibuni iliyozeeka hadi magotini, kwa mkato wa mshazari ili maji ya mvua yateleze, na haukupita mwezi visiki vikatoa machipukizi. Mkono wa Pélagie ulijifunza hivyo kabla macho yake hayajajifunza kusoma: kimezaa, kikate. Lakini Idjwi kinachofuata mkato ni mvua. Stockholm kinachofuata ni miezi mitano ya jalidi. Tawi la mti wa vipepeo ni laini katikati, kama bua la mtama. Ukilikata vuli, baridi ikikaribia, maji huingia kwa juu, yakaganda, yakalipasua hadi chini. Miaka mitano miti ilimsamehe, kwa kuwa baridi zenyewe zilikuwa za kupita tu.

Baridi ya mwaka ule haikupita. Theluji ilianguka kabla ya Krismasi na ikakaa hadi mwisho wa Machi. Treni za juu ya ardhi zilikwama, watu walipanda mapaani na makoleo wakihofia mapaa yasije yakawaporomokea, na wale wa Husby walishukuru kwamba treni yao, laini ya buluu, hupita karibu njia yote chini kwa chini. Aprili ilipofika na ardhi ikaonekana, vichaka vya jirani vilianza kuvimba vijicho vya kijani. Kwenye ukuta wa Pélagie vilisimama visiki vitatu vya kahawia, vimepasuka, vikavu kama kuni.

Jumamosi ya kwanza ya Mei ilikuwa siku ya kusafisha uwanja. Mwenyekiti alikuwa mzee Bethuel, Mkenya, dereva wa basi aliyestaafu, ambaye mpaka sasa aliongoza mkutano kama aliyeshika usukani. Alisoma karatasi yake. Kufagia changarawe. Kupaka rangi mabenchi. Kung'oa miti iliyokufa ukutani.

"Miti gani?" Pélagie akauliza.

"Hizi zako, Mama Christelle. Usikasirike. Hii kitu imekufa kitambo, imebaki tu kuzikwa."

Nyuma yake alisimama Faridah, Mganda wa ghorofa ya tatu, sepetu mkononi. Faridah alifanya usafi maofisini, akarudi nyumbani kila siku saa nane mchana, na mwaka wa tatu sasa alikuwa akingoja kipande cha ardhi apande sukuma wiki. Hakuwa na ubaya na mtu. Alikuwa na mbegu tu, na ukuta ule ulikuwa na jua.

"Mama Christelle, mimi sikufurahi," alisema. "Lakini mti uliokufa na mimi niliye hai, nani apewe ukuta?"

Watu wakacheka. Pélagie naye akacheka, kisha akapiga goti penye kisiki cha kwanza. Alikwaruza gome kwa ukucha, na chini yake palikuwa pakavu, pa kahawia. Akafukua udongo kwa vidole hadi mahali shina linapoungana na mzizi, akakwaruza tena. Hapo palikuwa na unyevu, na weupe unaoelekea kijani, mwembamba kama uzi.

"Haijakufa," alisema.

"Imelala?" Bethuel akauliza. "Hata mke wangu hulala, lakini ifikapo saa nne huamka."

"Munipe mpaka Midsommar, ile sikukuu ya katikati ya kiangazi. Nataka kusema, mpaka siku moja kabla ya mkesha wake. Kama hakuna hata mmoja umechipuka, ukuta wote ni wa Faridah, na funguo ya kibanda cha zana ninaitoa mwenyewe."

Ufunguo ule alikuwa ameushika miaka sita.

"Subira huvuta heri," Bethuel akasema akiandika, "lakini hapa Sweden hata heri huchukua nambari ya foleni. Haya. Alhamisi, tarehe ishirini na nne, mwezi wa sita."

Kisiki cha pili na cha tatu Pélagie hakuvikwaruza mbele za watu.

Mei nzima alipita pale kila jioni akitoka kazini, mkoba begani, akainama, akatazama, akanyanyuka. Hakumwagilia kupita kiasi wala hakutia mbolea. Baba yake alizoea kusema kwamba mgonjwa haamshwi kwa kulishwa. Mirujuani ya jirani, vile vichaka vya maua ya zambarau hafifu, ilichanua na kuanza kupukutika. Visiki vilikaa vilevile.

Aliyelijua kosa ni Christelle, binti yake wa miaka kumi na tano, msichana wa kwenda maktaba na kurudi na vitabu vilivyomzidi uzito. Jioni moja aliweka kitabu cha bustani mezani kando ya sahani za maharage, akamsomea mama yake ukurasa mzima kwa Kiswidi, polepole, bila kumtazama. Miti hii isikatwe vuli. Iachwe na matawi yake wakati wote wa baridi, ikatwe majira ya kuchipua. Ikiumizwa na jalidi huweza kuanza upya kutoka mzizini, lakini huchelewa sana, mpaka udongo upate joto kabisa.

"Soma tena pale pa vuli," Pélagie akasema.

Christelle akasoma tena. Mama akamaliza maharage yake.

"Basi ni mimi," alisema.

Binti akajibu kwa Kiswidi kwamba hakuna haja ya kumwambia mtu yeyote. Hakuna aliyekiona kitabu.

Jumamosi iliyofuata Pélagie alimkuta Bethuel akipaka benchi rangi, na Faridah akimshikia kopo. Akawaambia wote wawili, kwa sauti ya kusikika mpaka madirishani: "Haikuwa baridi peke yake. Mimi nilikata miti vuli, kama kahawa ya baba. Hapa haikatwi hivyo. Matawi niliyaua mimi. Mizizi sikuiua."

Bethuel akasimamisha brashi. "Sasa mbona unajishtaki, na kesi hujaitwa?"

"Ili ikichipuka musiseme ni bahati. Ninajua kilichotokea kwa juu, na ninajua kilichobaki chini."

Faridah akaweka kopo chini. "Na isipochipuka?"

"Basi una mbegu, dada."

Tarehe nane Juni, hakuna. Tarehe kumi, hakuna. Tarehe kumi na tatu, Jumapili, Pélagie alitoka kanisani na viatu vyake vizuri, akapiga goti palepale kwenye changarawe. Kando ya kisiki cha kwanza, si juu yake bali kwenye udongo wenyewe, kulikuwa na vijani viwili vidogo kuliko ukucha wa mtoto, vya kijani chenye majivu, vyenye manyoya laini. Hakuita mtu. Alikaa pale mpaka magoti yakauma, kisha akapanda juu kumwambia Christelle amletee vijiti vya kuzungushia, mtoto mwenye mpira asije akavikanyaga. Kisiki cha pili kilitoa chipukizi moja siku tano baadaye, limepinda, kama lililotafuta mlango gizani. Cha tatu hakikutoa kitu.

Alhamisi ile watu wakaja, wengine na vikombe vya kahawa mkononi. Bethuel akainama mpaka miwani ikamponyoka.

"Mnaona?" alisema. "Theluji yote niliyoondoa njiani nililundika hapa. Niliwafunika blanketi. Hata mimi ni mkulima."

"Ulilundika kwa sababu mgongo ulikuuma kuisogeza mbali," Faridah akasema.

"Sababu haiulizwi, matokeo ndiyo yanatazamwa."

Faridah alikuwa amekuja bila sepetu. Alisema hongera, na alimaanisha. Akageuka aende zake. Pélagie akamwambia angoje. Akaingia kibandani, akatoka na sepetu, akasimama penye kisiki cha tatu. Pale maji ya paa yalidondoka na kuganda majira yote ya baridi. Alifukua hadi mzizini, akakwaruza kwa ukucha. Mzizi ulikuwa mweusi, laini, wenye harufu ya uozo. Alikuwa ameshinda, na hakuna aliyemdai kitu. Hata hivyo aliukata mzizi pande zote nne, akaegemea mpini, akaung'oa wote, shimo likabaki wazi katika jua.

"Huu umekufa kweli," alisema. "Mahali hapa ni pako. Lakini usipande mpaka ukutani, panadondoka maji."

Faridah akatazama shimo, akapima kwa nyayo zake mbele na kando. "Sukuma wiki kumi zitaingia."

"Nane. Hawa wangu wawili watataka nafasi."

"Hawa? Hawa vidole viwili?"

"Mwezi wa nane watakufika kiunoni."

"Na maua?"

"Mwezi wa tisa. Pengine."

"Vipepeo watakuwa wamekwenda, Mama Christelle."

"Watakuja mwakani," Pélagie akasema, akamkabidhi sepetu, akaenda kuchota maji.