Kwamboka na Ng'ombe Tisa wa Sebuleni

Kuna nchi ambako kiti ni cha kukalia tu. Huku kwa Wagusii, kiti huvalishwa kwanza. Mgeni akikaribishwa sebuleni hukuta kitambaa mgongoni mwa kochi, kitambaa mikononi mwa kochi, kitambaa juu ya televisheni na kingine juu ya redio iliyokufa zamani, na mwenye nyumba hatulii mpaka kila kimoja kimenyooshwa. Kwa miaka kumi na mmoja Kwamboka wa Kebirigo alikuwa akila kwa vitambaa hivyo, na kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amechoshwa na waridi.

Waridi jekundu, majani mawili. Hilo ndilo kila mteja alilotaka. Akimshawishi mtu achague mkungu wa ndizi au tawi la chai, aliambiwa, "Hayo tunaona bure shambani."

Kazi yenyewe aliifanya kwenye kibaraza nyuma ya duka la mbegu. Violezo alivikata kwa wembe kutoka filamu kuukuu za eksrei, kwa sababu karatasi hulowa na plastiki ya faili hujikunja. Filamu aliiosha kwa dawa ya madoa mpaka mbavu za watu zikapotea, akaikata matundu ya umbo alilotaka, akailaza juu ya kitambaa na kuyagonga matundu kwa kipande cha godoro kilichochovywa rangi. Rangi ikikauka, alipiga pasi upande wa nyuma ili ishike. Watu walidhani ni kazi ya dakika tano. Mumewe, Anyona, alidhani hivyo hivyo, naye alikuwa akiiona kila siku.

Kisha akaja Mwalimu Bosibori, mstaafu aliyefundisha nusu ya soko, Kwamboka akiwemo.

"Nataka vitambaa tisa vya viti," alisema. "Na sitaki maua. Nataka ng'ombe wangu."

Kwamboka aliweka wembe chini. "Ng'ombe gani, mwalimu?"

"Waziri. Unamjua. Mchore wewe mwenyewe, awe yeye kabisa."

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia achore mwenyewe. Furaha ilimpanda, lakini nyuma yake ikaja shaka. Aliuliza, "Wageni wa Jumapili si ndio wale wa kutoka Ogembo, wanaokuja kuzungumza habari za mahari?"

"Wanakuja kwa ajili ya Joyline wangu. Habari za mahari ni za wanaume."

"Na hao wanaume watakaa wapi?"

"Kwamboka, ulikuwa unauliza maswali hivi hivi darasa la sita."

Basi akaichukua kazi. Asubuhi mbili alisimama zizini kwa mwalimu, daftari mkononi. Waziri alimgeuzia mgongo, akampiga kwa mkia, akala ukurasa mmoja. Kukata kulikuwa kugumu zaidi. Ng'ombe wa madoadoa hakatwi kama waridi: ukikata jicho bila kuacha kidaraja chembamba cha kulishika, jicho linadondoka na ng'ombe anabaki na shimo. Filamu mbili ziliharibika. Ya tatu ikatoka Waziri mzima, na lile doa la begani, na sikio lililochanika kwa waya, na ule uso wa mtu anayedharau majirani. Kwamboka alimtazama muda mrefu. Alikuwa hajawahi kufanya kitu kizuri kama kile.

Jumatano jioni vitambaa tisa vilikuwa vimeshapigwa pasi na kutundikwa kwenye kamba sebuleni kwa mwalimu. Alhamisi aliitwa kwa simu aje mbio.

Mzee Omwenga, shemeji wa mwalimu na msemaji wa familia kwa siku hiyo ya Jumapili, alikuwa amesimama mbele ya kamba na fimbo yake, akihesabu.

"Tisa," alisema. "Nani aliwaambia tisa?"

"Viti ni tisa, baba," Kwamboka akajibu.

"Mimi nilipanga kuanzia ng'ombe kumi na tano. Sasa wale watu watakaa, wataona tisa, watasema asante, tumeelewa, nyinyi ni watu wa haki. Nitafungua mdomo wapi?"

"Shemeji, ni vitambaa," Mwalimu Bosibori alisema.

"Ni orodha. Fundi, ongeza sita."

Joyline, aliyekuwa ameshuka kutoka Kisii mjini anakofanya kazi katika ofisi ya wapima ardhi, alikuwa amejifunika uso kwa mkono. "Msiongeze hata mmoja. Toeni wote. Nitaingia na chai, wakwe wanapiga hesabu yangu kwenye makochi?"

"Waziri hatoki," mama yake akasema.

"Basi aongezwe," akasema mzee.

Wote watatu wakamgeukia Kwamboka, kama kwamba yeye ndiye aliyeleta ng'ombe katika ukoo wao.

"Rangi ikishapigwa pasi haitoki," aliwaambia. "Mnaweza kufua mpaka kitambaa kiishe, ng'ombe atabaki."

"Tumia kitambaa kingine."

"Kipi, baba? Cha rangi hii ya maziwa kiliisha dukani. Na kesho jua likizama Sabato imeingia. Mwalimu ni shemasi. Mnataka nigonge rangi wakati wa maombi?"

"Wewe ndiwe fundi," akasema Mzee Omwenga, akaketi. Kwamboka alikusanya vitambaa vyote tisa, akaondoka bila kuaga vizuri.

Ijumaa alfajiri alikata kwenye filamu nyingine jani la mgomba, pana, lenye mipasuko ya upepo. Jani moja kubwa la kijani kibichi katikati ya kila kitambaa lingemaliza ugomvi: Waziri angefunikwa mzima, na watu wangeona migomba tu. Alichovya kipande cha godoro, akakiinua juu ya kitambaa cha kwanza, akashindwa. Sikio lile lililochanika lilikuwa likimtazama.

"Funika tu, mama Linet," Anyona alimwambia kutoka mlangoni. "Ni ng'ombe wa watu."

"Nenda ukachume chai."

Alisogeza kiolezo. Jani likapita tumboni, kichwa kikabaki nje. Kwenye kitambaa cha pili alificha kichwa, akaacha mkia na miguu miwili. Kwenye cha tatu akaacha pua na kwato moja. Aliendelea hivyo kwa hasira, bila mpango. Saa tisa mvua ikaja kama kila siku, umeme ukakatika, na ikabidi akaazime pasi ya makaa kwa jirani. Jua lilikuwa juu kidogo tu ya kilima alipoweka vitambaa mezani kwa mwalimu.

Mzee Omwenga alivipitia kwa fimbo. "Hapa kichwa. Hapa mkia. Huu mkia ni wa kile kichwa, au ni ng'ombe mwingine?"

"Sijui, baba."

"Na hii kwato?"

"Sijui."

Alirudi mwanzo, akahesabu tena, akapata idadi nyingine. "Safi," alisema. "Safi sana. Hapo nina pa kuanzia."

Joyline alicheka mpaka akakaa chini. Mwalimu Bosibori alitafuta uso wa Waziri, akaupata kwenye viti vinne, akasema si vibaya. Hakuna aliyemwuliza Kwamboka yeye alionaje.

Jumapili mazungumzo yalikwenda sawa. Joyline alisimulia kwamba mzee mmoja wa Ogembo alizitazama nguo za viti kwa muda mrefu, kisha akasema tu kwamba mwenye ng'ombe awatoe mle kabla hawajamaliza ndizi za watu.

Siku tatu baadaye wanawake wawili kutoka upande huo wa bwana harusi walifika kibarazani, wakataka ng'ombe wa kwenye migomba, seti mbili. Kwamboka akawaonyesha kwanza kipande alichokuwa amejipigia cha majaribio: Waziri mzima, peke yake, kila doa mahali pake.

Walikitazama kwa adabu.

"Huyu ni mzuri," mmoja akasema. "Lakini unamwona mzima mara moja. Hana la kutafuta."

"Nilimchora siku mbili," Kwamboka alisema.

"Tunaona, dada. Sasa mwekee majani."

Alivuta pumzi, akaliandaa jani, akawauliza wanataka kichwa kionekane au mkia.